Mashini ya mchezo si adui wa masomo

Wazazi wapendwa, acheni kufungia mashini kabatini! Baba mmoja wa mtaani kwetu alitumiwa ordinatera na ndugu yake aliye Ulaya. Alipoona kijana wake anacheza mpira ndani yake, akaifungia. Leo kijana huyo anajitayarisha kwa mtihani wa taifa kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nani amepata faida?

Mashini ile ile ya mchezo inaandika, inahesabu, inafungua vitabu hata bila intaneti. Kosa si lake. Kosa ni nyumba isiyo na saa ya kazi na saa ya mchezo.

Na ninyi vijana, msijifiche nyuma ya neno "masomo". Mchezo unakula umeme. Chaja za mashini hizo nyingi zinafika wati 150 na zaidi, wakati ordinatera ya kawaida inatosheka na 45 au 65. Betri ya kuandikia saa kadhaa, mchezo unaimaliza kwa saa moja hivi. Kwa familia ya wahami inayolipa kila mara kuchaji, mchezo wako ni simu ya mama iliyozimika, naye anangoja habari za kijijini.

Basi sheria iwe moja: betri ni ya masomo, mchezo ungoje umeme wa ukutani.

Koltani ya Rubaya, kule Masisi, inatengeneza vipuri vya mashini kama hizi. Mtoto aliyekimbia Masisi asinyimwe hata ya kusomea!