Pima diski kwanza, ndipo uichonge

Mteja akifika kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, akalalamika kwamba usukani unatetemeka anapokanyaga breki, wapo mafundi wanaomjibu kabla hajazima injini: "Diski zimepinda hizo bosi, tuzichonge." Mimi ni mkereza. Mashine ya kuchonga ndiyo inayonilisha, na bado nasema jibu hilo ni la haraka mno. Mwenye gari ana haki ya kuikataa kazi isiyoanza na vipimo.

Diski ni chuma cha kusubu, na si rahisi ipinde kwa joto la safari za mjini. Mara nyingi tatizo ni unene wake kutolingana. Tofauti ya 0.02 mm tu inatosha kukufanya uhisi pedeli inakusukuma mguu. Na chanzo chake huwa ni siku ile diski ilipofungwa. Hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi, kutu inajaa kwenye uso wa habu, na fundi asipoisugua kwa brashi ya waya diski hukaa upande. Ikizunguka inayumba, inaigusa pedi sehemu ileile hata kama hujakanyaga breki, na baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu hiyo imelika. Halafu zije nati za tairi zilizokazwa kwa mashine ya upepo, moja imebanwa mno na jirani yake imelegea! Toyota nyingi ndogo zinataka 103 Nm, nati zikazwe kwa kukingamana.

Joto nalo lina sehemu yake. Anayeshuka mlima wa Kitonga mguu juu ya breki badala ya kurudisha gia, kisha akasimama chini bila kuachia pedeli, anaacha masalia ya pedi yameganda mahali pamoja. Joto likipita takriban nyuzi 650, chuma chenyewe hubadilika na kuwa na madoa magumu. Hayo yakiingia ndani, ukichonga leo yatarudi. Diski hiyo itupwe.

Sasa kazi yenyewe. Ninapima unene kwa mikromita, mahali pasipopungua panane kuizunguka diski, kisha nasoma kiwango cha chini alichoandika mtengenezaji, mara nyingi ukingoni au kwenye kofia yake. Kama kuchonga kutaishusha chini ya hapo, siigusi, hata mteja aongeze hela. Nasafisha sehemu inayokaa kwenye mashine, maana uchafu hapo unanifanya nichonge upogo mpya. Visu viwili vikate pande zote mbili kwa pamoja, kidogo kidogo, na pasi ya mwisho iende taratibu. Baada ya hapo ni msasa, kisha sabuni na maji ya moto ili unga wa chuma usibaki ukaingia kwenye pedi. Diski ikirudi kwenye habu iliyosafishwa, geji yenye mshale iwekwe kupima kuyumba kwake. Ikiyumba zaidi ya 0.05 mm naihamishia tundu jingine na kupima upya. Pini za kalipa nazo zipakwe grisi yake, la sivyo pedi moja itabaki imeng'ang'ania.

Nimeshuhudia diski ikisawazishwa kwa grenda, gari liko juu ya jeki na gia imeingizwa. Huko ni kumpunguzia mtu breki na kumtoza pesa. Diski nyembamba inapata moto upesi, inaweza kupasuka, na pistoni ya kalipa inatoka nje kuliko ilivyokusudiwa.

Ndiyo maana nawaomba wakaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani wapewe kipimo cha diski, waanze na magari ya wanafunzi na Noah za abiria, na gari ambalo diski yake imeshuka chini ya kiwango linyimwe stika hadi ibadilishwe.