Mashine Isiyofunguliwa

Husemwa, tena na watu wenye elimu, kwamba kompyuta kuukuu ni takataka, na kwamba mwanafunzi anayeketishwa mbele ya chombo cha nusu karne iliyopita anapotezewa wakati. Kauli hii ina sura ya maendeleo, lakini undani wake ni unyonge: yamtaka mwanafunzi awe mteja wa mashine maisha yake yote, asiwe kamwe bwana wake.

Na itazamwe mashine yenyewe. Altair 8800 ilitangazwa Marekani Januari 1975, ikauzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe kwa kulehemu. Haikuja na kibodi wala skrini. Usoni pake palikuwa na safu za taa na swichi; mwenyewe alipandisha na kushusha swichi 16 ili kuitaja anwani, kisha akaweka namba moja baada ya nyingine. Umeme ukikatika, yote aliyoyaweka yalifutika.

Ndani yake mlikuwa na nafasi za kuchomekea bodi, kila nafasi na miguso 100. Bodi ya kumbukumbu, bodi ya kuunganisha mashine ya kuchapa, bodi ya diski: kila moja ilipewa anwani yake kwa vijiwaya au viswichi. Bodi mbili zikipewa anwani moja, hujibu kwa pamoja, data ikavurugika. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wala programu haikuwa ya kutiwa tu na kuachwa: CP/M, mfumo ulioandikwa na Gary Kildall, ulikuwa na sehemu iliyolazimu kuandikwa upya ili ilingane na bodi za mashine inayohusika. Aliyeipitia kazi hiyo hakuhitaji kuambiwa kompyuta ni nini, kwani alikwisha kuipanga.

Tanzania haikuwamo katika shughuli hiyo. Mwaka 1974, baada ya mpango wa kutia hesabu za Serikali katika kompyuta kuzaa hasara na vurugu, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na amri hiyo haikulegea hadi miaka ya 1980. Wapo wanaoulaani uamuzi ule, na wapo wanaousifu kwa kuokoa fedha za kigeni. Pande zote mbili huhesabu mashine zilizokosekana, ilhali kilichokosekana hasa ni mikono. Katika miaka ile ile ambayo vijana wa kwingineko walikuwa wakiifungua kompyuta na kuipanga, kijana wa Tanzania hakuwa na cha kufungua. Marufuku ilipoondoka, mashine zilikuja zimekwisha kufungwa.

Na marufuku hiyo ingaliko, ila sasa haina sheria. Imo katika kila chumba cha kompyuta ambamo onyo la kwanza ni "usiguse", na katika kila somo linalomfundisha mtoto majina ya vitufe na kumficha kilichomo chini yake.

Anayetaka kuona tofauti ya njia hizi mbili na aende nyanda za kati. Kongwa, jirani ya Mpwapwa, ndiko Waingereza walikoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947. Matrekta yaliletwa kwa wingi. Ardhi ya mfinyanzi ilipokauka ikawa ngumu kama saruji, vyuma vikavunjika, na mafundi wa kuvitengeneza walikuwa haba. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamezama. Lakini Mpwapwa, kuanzia miaka ya 1940, kituo cha utafiti wa mifugo kilishika njia nyingine: kilichukua zebu wa Tanganyika, Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, Boran, na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, kikachanganya na kuchuja kizazi baada ya kizazi, hata akapatikana ng'ombe wa maziwa na nyama anayeistahimili nchi kavu. Serikali ilikuwa ile ile ya kikoloni. Kilichotofautiana ni namna ya kazi. Trekta la Kongwa liliagizwa, ng'ombe wa Mpwapwa alipangwa.

Mpwapwa hiyo hiyo ina chuo cha ualimu. Kinachodaiwa hapo, na katika kila chuo cha aina yake, ni meza moja: kompyuta kadhaa za miaka ya 1980 na 1990, ambazo kadi zake hupangwa kwa vibanio vidogo, na bisibisi isiyofungiwa kabatini. Atakayesema Altair ni adimu ajue kwamba programu za kuiigiza zinapatikana bure. Atakayesema kifaa kitaharibika amesema kweli; ndivyo fundi anavyopatikana.

Wapenzi wa lugha nao wana fungu lao katika daawa hii. Kiswahili kina mkuku, taruma na foromali kwa sababu wenyeji wa pwani walilijenga jahazi kwa mikono yao. Hakuna kamati iliyoketi kuyabuni maneno hayo. Kompyuta itapata maneno yanayokaa kinywani siku watakapopatikana wanaoifungua na kubishana juu yake kwa Kiswahili. Hadi hapo, kamusi zitaendelea kuvipa majina vitu ambavyo msemaji hajapata kuvishika.