PICHA ZA MJI WETU TUZIPIGE SISI WENYEWE

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini katika jambo hili la picha, mgeni huja, akapiga, akaenda zake, na mwenyeji habaki na kitu. Hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Jumamosi moja muhula uliopita, mimi na wenzangu wawili wa chama chetu cha Kiswahili tuliamua kuuzunguka mji wetu wa Modogashe kwa simu ya kaka yangu. Kila mmoja alipewa picha kumi tu, asije akajaza simu ya watu. Mwenzetu mmoja alicheka: "Mji gani huu wa kupiga picha? Barabara moja, mbuzi na vumbi!" Kusema kweli, hata mimi nilikuwa na wazo hilo hilo.

Tulianzia steji, pale abiria wa Wajir na Mandera wanaposhuka kunywa chai. Tukapiga mikokoteni ya punda inayobeba maji, na wanunuzi wakiikimbilia miraa ya Meru. Kwenye mabango ya maduka tukaona Modogashe, Modogashi na Mado Gashi. Lo! Mji mmoja, tahajia tatu! Miaka yote nimepita hapo na sikuwahi kuliona jambo hilo.

Tulipofika kwa kina mama wauza maziwa ya ngamia, nilifanya kosa. Nilimpiga picha nyanya mmoja bila kumwomba ruhusa, na simu ikalia. "Ayeyo, nisamehe," nikamwambia. Hakunigombeza. Alinijibu kwa Kisomali, nami naandika kwa Kiswahili: "Wakati wa ukame walikuja watu na kamera. Wakanipiga nimesimama kando ya ng'ombe wangu aliyekufa. Picha ikaenda, mimi nikabaki. Sijaiona hadi leo. Hii yako nitaiona lini?"

Nilikosa jibu. Nikaifuta mbele ya macho yake.

Ukame aliousema ni ule ulioanza 2020, mvua zikakosa misimu mitano mfululizo. Sisemi kwamba picha za shida ni mbaya. Mohamed Amin, Mkenya mwenzetu aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943, alipiga picha za njaa kule Korem, Ethiopia, mwaka wa 1984, na dunia ikaamka ikatoa msaada. Kama angeona haya kuzipiga, wengi zaidi wangekufa. Lakini picha ya mzoga ikiwa ndiyo picha pekee ya kwetu, basi mtu wa mbali atadhani hapa hakuna anayecheka, anayeuza wala anayesoma. Ubaya ni kwamba hata sisi tunaanza kuamini hivyo. Si mwenzangu alisema ni mbuzi na vumbi tu?

Tena tunapoteza mengi. Mwaka wa 2001 wazee na viongozi wa jamii za wafugaji wa kaskazini walikubaliana juu ya malisho, maji na wizi wa mifugo ili damu isimwagike. Makubaliano yale yanaitwa Azimio la Modogashe. Jina la mji wetu ni jina la amani! Lakini nimechungulia katika maduka na hoteli zetu zote, na sijaona hata picha moja ya wazee wale ukutani.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kwanza, tuombe ruhusa kabla ya kupiga. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, hata muuza maziwa. Pili, kituo cha polisi na kizuizi cha barabarani tuviache, tusijitafutie balaa. Tatu, aliyepigwa apelekewe picha yake. Nne, chama chetu kiweke albamu katika maktaba, na kila mwaka kidato cha tatu kiongeze picha za mji, kila moja na tarehe yake na maelezo kwa Kiswahili sanifu. Barabara kuu ya Isiolo kwenda Wajir inapita hapa, na mji unabadilika. Tukingoja, tutabaki kusimuliana tu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa yule nyanya nikamwomba vizuri. Akatengeneza shungi lake, akasimama kando ya mitungi yake ya maziwa, akakaza uso kama mkuu wa wilaya. Nikaichapisha kwa pesa zangu za chakula cha mchana, nikampelekea. Aliitazama sana, kisha akasema nimemfanya mzee kupita kiasi, nirudi nipige nyingine.

Je, msomaji, wewe ukiulizwa leo kwenu kukoje, utaonyesha picha gani?

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu