KONA YA WALIMU: Mama yangu mmemweka wapi?



Mwezi uliopita tuliwapa watoto wa darasa la tatu kazi ya nyumbani: andika jina la babu yako na mahali alipozikwa. Karatasi nyingi zilirudi nyeupe. Mtoto mmoja akatwambia, "Mwalimu, babu kazikwa kwetu, ila mimi kwetu sikukumbuki." Watu walipokimbia Palma, Machi 2021, yeye alikuwa mgongoni kwa mamake.

Basi tukaenda kumwamkia bibi yake. Bibi akashika kijiti, akachora mchangani: huu mbuyu, hii njia ya pwani, haya makaburi ya ukoo wetu. Tukahesabu kumi na moja. Tukaandika mbio mbio, tukamsomea. Bibi kimya. Halafu akasema, "Wanangu, mmeandika wanaume watupu. Mama yangu mmemweka wapi?"

Kweli. Tulikuwa tukiuliza baba wa nani, babu wa nani. Wanawake wanne na vichanga wawili walikuwa wamebaki bila jina. Tuliona haya, tukaanza upya.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe na wafu pia. Tena si dua tu. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 ilisema ardhi ni ya serikali, lakini ilikubali haki ya wenyeji waliokaa mahali kwa mila zao, hata kama hawana karatasi. Ilikubali pia ushahidi wa mdomo, wa wanaume na wa wanawake. Daftari la makaburi si hati ya ardhi, lakini humsaidia shahidi kukumbuka nani alikaa wapi, tangu lini.

Kwa hiyo, familia zetu, fanyeni hivi:

1. Choreni ramani. Anzeni na kitu kisichohama, kama mbuyu au kisima. Kila kaburi lipeni namba.

2. Kwa kila namba andikeni jina, mama yake, baba yake, na nani aliyewaambia. Ndugu wawili wakibishana, andikeni maneno ya wote wawili. Msichague mshindi.

3. Mwaka ukisahaulika, ulizeni: ilikuwa kabla ya vita vya 1964 au baada? Kabla ya uhuru wa 1975? Kabla ya kimbunga Kenneth cha 2019?

4. Mkiwa na picha ya jiwe la kaburi, nakilini herufi kama zilivyo, msijaze zilizofutika. Tena angalieni tarehe: mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882. Tarehe moja inaweza kusema mengi. Huko Gedi, Kenya, kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, limewasaidia wataalamu kujua mji ule ni wa zamani kiasi gani.

5. Andikeni nakala mbili, zifungeni kwenye plastiki, zikae nyumba mbili tofauti.

Siku tukijaaliwa kurudi, huenda tukakuta mawe yameanguka. Msikate tamaa. Kwetu pwani Kibla ni kaskazini, na Waislamu huzikwa kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki. Safu ya mawe inayokwenda mashariki na magharibi huenda ni kaburi, msiilime. Lakini asiende mtu peke yake kukagua sasa hivi, na mkiona chuma msichokijua, msikiguse.

Yule mtoto sasa anazo karatasi mbili. Juu kabisa, namba moja, Bibi alitaka aandikwe mama yake. Tumeandika.

Nyie je, mama zenu mmewaweka wapi? Leteni daftari shuleni, tutawasaidia kuandika. Tukutane mwezi ujao, inshallah.

Walimu wenu wa kujitolea