Mcheza Kwao Hutunzwa, Basi Tuwatunze

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini hebu tuulizane, wanachama wenzangu: siku hizi nani humtunza mchezaji? Pale stendi ya matatu pana kibanda ambapo mtu hujaziwa nyimbo 100 kwenye memori kadi kwa shilingi 50. Mwenye kibanda anapata, mnunuzi anafurahi, na aliyeimba hapati hata ndururu. Kisha sisi hao hao ndio wa kwanza kulalamika, ati wanamuziki wakongwe hawatoi kitu kipya. Watatoa na nini?

Maoni yangu ni haya: msanii mkongwe hahitaji kampuni kubwa kama anavyohitaji wasikilizaji wanaolipa. Na mfano ninao.

De La Soul ni kundi la muziki wa kufokafoka kutoka Amityville, jimbo la New York, Marekani. Walikuwa watatu: Kelvin Mercer, David Jolicoeur na Vincent Mason. Albamu yao ya kwanza, 3 Feet High and Rising, ilitoka 1989 ikavuma sana. Muziki wake ulishonwa kwa vipande vya nyimbo za watu wengine, na ruhusa za wakati ule zilihusu santuri na kanda. Nani angewaza habari ya intaneti? Basi soko la muziki lilipohamia huko, nyimbo zao za zamani zikafungiwa nje miaka mingi, na funguo hawakuwa nazo wao. Februari 14, 2014 wakaamua kuwagawia mashabiki nyimbo hizo bure kwa saa 25. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mwaka uliofuata wakaitisha jambo ambalo Mkenya yeyote angelitambua: harambee! Kupitia tovuti ya Kickstarter waliomba dola 110,000 ili watengeneze albamu bila kampuni. Watu 11,169 wakachanga dola 600,874. Pigeni hesabu: ni kama dola 54 kwa kila mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Wakawarekodi wapiga ala kwa zaidi ya saa 200, kisha wakakata vipande kutoka katika muziki huo wao wenyewe, wasije wakadaiwa tena cha mtu. Waliochanga walingoja zaidi ya mwaka mzima. Agosti 26, 2016 ikatoka albamu yao, and the Anonymous Nobody..., nayo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Najua yuko atakayesema, "Hao walikuwa na jina tayari. Chipukizi wa mtaani atachangiwa na nani?" Swali zuri. Ni kweli jina liliwasaidia. Lakini jina hilo halikudondoka kutoka mbinguni. Lilijengwa na wasikilizaji kwa zaidi ya miaka 25. Hata hapa kwetu, Kalamashaka wa Dandora walifoka kwa Kiswahili miaka ya 1990, na walimu wetu wanawakumbuka vizuri. Wakongwe kama hao wakiitisha harambee leo, wangapi kati yetu watatia mkono mfukoni? Ama tutakimbilia kibandani?

Tena jambo hili halingoji. David Jolicoeur alifariki Februari 12, 2023. Zile nyimbo za zamani zilifunguliwa kwenye intaneti Machi 3, siku 19 tu baada ya kifo chake. Hakuiona siku hiyo. Lakini albamu ya harambee aliiona kwa macho yake, akaiimba mbele ya waliomchangia. Tofauti ni hiyo. Shada la maua juu ya kaburi si tuzo.

Kwa hivyo napendekeza tuanzie hapa hapa chamani. Tunao wenzetu wanaofoka na kughani vizuri kila Ijumaa. Atakayetaka kurekodi kazi yake, kila mwanachama atoe shilingi 10, na jina la mtunzi liandikwe juu ya kazi hiyo kabla haijapitishwa simu kwa simu. Shilingi 10 ni bei ya mandazi moja. Kupiga makofi tumeshajua. Sasa tujifunze kutunza.