Pointi za Gemu: Nyongeza au Deni?

Leo tuzungumzie pointi. Sizungumzii pointi za Gor Mahia kwenye ligi. Nazungumzia zile ambazo kampuni za gemu huwapa wateja kila wanaponunua kitu, ili warudi kununua tena. Msimamo wangu nautaja mapema ili asiyekubaliana nami ajiandae: pointi ni deni. Kampuni ikikupa pointi imekuahidi kitu, na ahadi hiyo inafaa kutunzwa ndani ya kompyuta kwa uangalifu uleule unaotumika kutunza pesa. Tatizo ni kwamba nyingi hazitunzwi hivyo.

Kwa wale ambao hawajawahi kukutana na mambo haya, historia fupi. Nintendo ya Japani ilikuwa na mpango ulioitwa Club Nintendo. Ulianza Ulaya mwaka 2002, ukafika Amerika Kaskazini 2008. Ulinunua gemu, ukakuta namba ya siri ndani ya boksi, ukaiingiza kwenye tovuti na kupata sarafu au nyota, kutegemea uliko. Ukizikusanya za kutosha uliletewa vitu vya kushika mkononi: karata, kalenda, vikasha vya kuwekea gemu. Mpango ukafungwa 2015.

Mwaka 2016 ukaja My Nintendo, wenye pointi za dhahabu na za platinamu. Za dhahabu zilikuwa karibu sana na pesa: pointi moja ilikuwa sawa na senti moja ya Marekani, na ungeweza kuitumia kupunguza bei ya gemu. Lakini zilikuwa na umri wa miezi 12 tu. Machi 2025 Nintendo ikaacha kuzitoa kabisa.

Sony nao walifungua PlayStation Stars mwaka 2022, wenye pointi pamoja na visanamu vya kidijitali vya kutazama kwenye simu. Mei 2025 wakatangaza kwamba wanaufunga. Kukusanya pointi kukakoma Julai 2025, na waliokuwa nazo wakapewa hadi Novemba 2, 2026 kuzitumia. Mpango mzima wa kuwashukuru wateja waaminifu ulitangazwa kufungwa kabla haujatimiza miaka mitatu!

Utauliza, mtu wa Asembo Bay anahusika vipi? Swali zuri. PlayStation Stars ilipofunguliwa, Kenya haikuwa kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network. Vijana wanaocheza kwenye mabanda ya gemu kuanzia Kisumu hadi huku kwetu hawakupata hata pointi moja, ingawa padi wamezishika mpaka vitufe vikafutika. Kwa hiyo hakuna aliyetunyang'anya kitu. Lakini somo lenyewe ni letu pia, kwa sababu sisi tuna pointi zetu.

Mnazijua. Safaricom ilianzisha Bonga mwaka 2007, pointi moja kwa kila shilingi kumi unazotumia. Watu walizikusanya miaka nenda miaka rudi. Wengine walizibadilisha kwa simu, wengine kwa dakika za kupiga, na mwaka 2020 wakati wa korona ikawezekana kulipia bidhaa madukani kwa pointi kupitia Lipa na M-Pesa. Pointi zikanunua unga. Kisha mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba, kuanzia Januari 2023, pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingeanza kufutwa. Kelele zilizotokea mnazikumbuka. Ninachotaka mkione hapa ni lile tangazo lenyewe. Mtu alipata pointi chini ya sharti moja, na miaka kadhaa baadaye akaambiwa kuna sharti jingine, linalohusu hata zile alizokwisha kuzipata.

Sasa tulinganishe na utaratibu wa ufukweni. Ukimzoea mama mmoja anayeuza omena, akishakupimia gorogoro lako anatupia kiganja kimoja juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Unaiona, unaibeba, unaenda nayo nyumbani. Haiandikwi popote na haihitaji neno la siri. Kesho akikunyima huwezi kumshtaki, kwa sababu hakukuahidi. Ya jana ulishakula.

Pointi hujifanya nyongeza, lakini ni kitu kingine. Mama wa omena angekuambia, "Leo sikupi kiganja, nakuandikia. Ukifikisha viganja ishirini njoo nikupe gorogoro zima." Hapo mambo yamebadilika. Wewe umeendelea kununua kwake badala ya jirani yake kwa sababu ya maandishi yale. Akichana daftari siku ya kiganja cha kumi na tisa, hajakunyima zawadi, amekataa kulipa.

Wahasibu walilijua hili kabla yetu. Mwaka 2007 ilitolewa kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRIC 13, iliyohusu mipango hii tu. Ilisema kwamba sehemu ya pesa aliyolipa mteja ni ya zile pointi, kwa hiyo kampuni isiihesabu kuwa mapato mpaka pointi zitumike au zife. Tangu 2018 nafasi yake imechukuliwa na IFRS 15, yenye wazo hilohilo. Maana yake kwa lugha rahisi: kwenye vitabu vya kampuni, pointi zako ziko upande wa vitu ambavyo kampuni inadaiwa. Wewe ukiambiwa ni zawadi, mwenye hisa anaambiwa ni wajibu. Na kila pointi inayokufa bila kutumika ni wajibu uliopungua bila kulipwa. Sasa unaelewa kwa nini tarehe ya mwisho huandikwa kwa herufi ndogo.

Jambo la pili ni kiwango. Kiwango cha pointi hukuambia kampuni inataka ufanye nini. Kwenye Nintendo Switch, aliyenunua gemu kwa kuipakua alipata pointi za dhahabu zenye thamani ya asilimia 5 ya bei. Aliyenunua katriji dukani alipata asilimia 1. Kwa gemu ya dola 60, wa kwanza alipata dola 3, wa pili senti 60. Kwa nini tofauti hiyo? Kampuni haikutueleza, lakini angalia kinachofuata. Katriji unaweza kumwazima binamu au kuiuza ukiichoka. Ya kupakua imefungwa kwenye akaunti yako. Kwa watu kama sisi, ambao gemu moja hupita mikono minne kabla ya kupumzika, hizo dola mbili na senti arubaini zinanunua haki kubwa sana. Mimi ningebaki na katriji.

Je, kuna wanaofanya vizuri? Steam, duka la gemu za kompyuta, lilianza pointi zake Juni 2020. Kila dola inakupa pointi 100, na pointi hizo hazinunui gemu. Zinanunua vitu kama mapambo ya ukurasa wako. Watu waliwacheka. Lakini pointi hazina tarehe ya kufa, na hakuna aliyedanganywa kwamba ni pesa. Ahadi ni ndogo na inatimizwa. Naheshimu hilo kuliko ahadi kubwa yenye mlango wa nyuma.

Haya tunayoyasema yananigusa kazini. Majuzi mwenye banda moja la gemu hapa kijijini aliniomba nimwandikie programu ya pointi: ukicheza mara kumi, ya kumi na moja bure. Tuseme mchezo ni shilingi 20. Mteja amelipa 200, anapata wa 20 bure, sawa na punguzo la kama asilimia 9. Biashara nzuri. Kisha akaniambia, "Omera, weka zifutike kila mwisho wa mwezi. Hao watoto hawatajua."

Nikamfanyia hesabu. Ukiwa na wateja 60, na kila mmoja amefikisha michezo mitano kati ya kumi, tayari una deni la michezo 30, yaani shilingi 600. Ukilifuta tarehe 31 umepata shilingi 600, na umewafundisha watoto 60 kwamba daftari lako haliaminiki. Na watajua, maana mtoto anayekariri mabao ya msimu mzima hatashindwa kukumbuka michezo mitano yake.

Hoja yake ina uzito, sikatai. Biashara ndogo haiwezi kubeba deni lisilo na mwisho. Mteja akihamia Nairobi, pointi zake zibaki hai mpaka lini? Kwa hiyo sipingi pointi kuwa na mwisho. Napinga mwisho unaotungwa baadaye. Kwa wenzangu tunaoandika programu hizi, haya ndiyo ninayoyashika:

1. Usihifadhi salio kama namba moja. Andika kila tukio kwenye mstari wake: tarehe, sababu, pointi zilizoingia au kutoka. Salio lipatikane kwa kujumlisha. Mteja akibisha, mfungulie aone.

2. Kila mstari ubebe sharti lililokuwepo siku ile. Mwenye biashara akibadilisha sharti Juni, pointi za Mei zifuate sharti la Mei.

3. Tarehe ya kufa ionyeshwe pale pale pointi inapoingia, na za zamani zitumike kwanza.

4. Chukua taarifa chache. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Kwa banda la gemu, jina la utani na namba ya kadi vinatosha.

Kwa msomaji asiyeandika programu, ushauri ni mfupi. Tumia pointi zako mapema, usiziweke kama akiba ya benki. Kabla ya kujiunga, uliza zinakufa lini na nani anaweza kubadilisha sharti hilo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kupata taarifa unazohitaji ili ufaidike na huduma unayolipia, kwa hiyo usione aibu kuuliza.

Mwenye banda bado anafikiria. Nimemwambia programu ya kufuta kimyakimya atafute mwingine wa kumwandikia. Ya miezi mitatu, yenye tarehe inayoonekana kwenye skrini, nitamwandikia hata kwa bei ya samaki wawili.

Haya, nanyi mnaonaje?