Baba, Nataka Kupigana



Jumapili moja, baada ya Misa, mzee mmoja wa paroki alinivuta kando. Mwanawe wa miaka 16 hataki tena mpira wa miguu. Ataka mchezo ule unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, uitwao MMA. "Je, si dhambi?" aliniuliza. Kijana alikuwa nyuma yake, akitazama viatu vyake. Nikamwuliza yeye atafuta nini katika mchezo huo. Akajibu neno moja: "Kushinda." Basi nawajibu wote wawili.

Kwanza mzee. Mchezo huu ulipoanza kujulikana kwa watu wengi, mjini Denver, Marekani, Novemba 1993, sheria zilikuwa chache mno, na wengi waliuona kuwa ukatili mtupu. Siku hizi ni mwiko kupiga kwa kichwa, kuuma, kutia kidole jichoni, kupiga kisogo au uti wa mgongo. Mwamuzi yumo ulingoni, naye husimamisha pambano mara aonapo mmoja hawezi tena kujikinga. Kupimana nguvu kwa sheria si dhambi. Mtakatifu Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorinto, alijifananisha na mpiga ngumi. Lakini kumpiga mwenzako kwa chuki, au kuuharibu mwili uliopewa na Mungu kwa kutafuta sifa, hayo hayafutwi na sheria yoyote ya mchezo. Wala sisemi kwamba hatari haipo. Mapigo ya kichwani hudhuru ubongo, hata yaliyo madogo, yakirudiwa miaka mingi.

Sasa wewe kijana. Siku ya kwanza hutafundishwa kupiga. Mwalimu mwema atakufundisha kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige mkeka, kichwa kisiguse chini. Elimu hiyo ni ya judo, iliyoanzishwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882. (Kama hakuna mwalimu wa MMA karibu nawe, anza na judo, hutapoteza wakati.) Kisha utajifunza jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ni kugonga. Mwenzako akikukaba shingo au akikupinda mkono, wamgonga kwa kiganja mara mbili tatu, naye hukuachilia papo hapo. Maana yake: umenishinda. Vijana wenye kiburi hukataa kugonga, kisha kiwiko chateguka, au wazimia. Nawe ukigongwa, achilia upesi. Asiyeachilia, hakuna atakayekubali kufanya naye mazoezi. Utagonga mara nyingi, mbele ya walio wadogo kwako, pengine mbele ya msichana. Miezi hiyo ya kwanza wengi huacha, hasa wale waliozoea kuogopwa shuleni.

Mfikirie Francis Ngannou, mzaliwa wa Batié nchini Kameruni. Tangu utoto alifanya kazi ya kuchimba mchanga, na nguvu hakuzikosa. Mwaka 2013 alifika Paris baada ya safari ndefu ya mateso, akalala nje, kisha akapokelewa katika chumba cha mazoezi. Yeye alitaka ngumi tu; walimu wakamwonyesha MMA. Kwa ngumi zake aliwaangusha watu upesi, wengi wao katika raundi ya kwanza. Lakini Januari 2018, mjini Boston, Stipe Miocic, Mmarekani ajuaye mieleka, alimlaza chini mara kwa mara. Pumzi zikamwisha, akashindwa kwa pointi baada ya raundi 5 za dakika 5. Machi 2021 walikutana tena, Las Vegas. Miocic akajaribu kumwangusha kama zamani. Safari hii Ngannou alijua kujizuia, na katika raundi ya pili akampokonya ubingwa wa uzito wa juu wa UFC. Tena, Januari 2022, goti lake likiwa bovu, alimshinda Ciryl Gane kwa mieleka, silaha ile ile iliyomwaibisha Boston.

Kushindana, basi, ni lini? Si baada ya miezi miwili. Mimi ningesema mwaka mzima, na zaidi kwa aliye mvivu wa kukimbia. Anza na mashindano ya wasiolipwa: raundi 3 za dakika 3, kinga za miguu na za meno, na kupiga kwa kiwiko hakuruhusiwi. Upimwe kwanza na mganga wa hospitali. Ushindane katika uzito wako wa kawaida, usijinyime maji ili kilo zishuke. Desemba 2015 kijana Mchina wa miaka 21, Yang Jian Bing, alikufa mjini Manila alipokuwa akipunguza uzito kabla ya pambano. Hakuna aliyempiga.

Nawe mzee, usimkataze tu, wala usimtume peke yake. Nenda naye, uketi, utazame jioni nzima. Tazama kama wakubwa huwapiga wadogo kwa nguvu zote huku mwalimu akicheka. Kisha mwulize mwalimu: mwanangu akipigwa kichwani akaona kizunguzungu, utafanya nini? Akisema atampumzisha siku hiyo hiyo, atamtuma kwa mganga, na hatamruhusu kupigana hata apone kabisa, mwachie mwanao. Akisema, "Aendelee, awe mwanamume," mshike mkono mrudi nyumbani.